Wakala Aliyengojea Meli Dodoma

Alikuwa na tabia ya kufungua madirisha ya watu. Akiingia nyumbani kwako, kabla hajaketi, kabla hajaulizia watoto, alikwenda moja kwa moja dirishani, akavuta pazia, akasukuma mbao, ndipo akageuka na kusema, "Haya, sasa habari za hapa?" Mgeni asiyemjua angedhani ana pumu. Sisi majirani zake wa Ipagala tulishazoea. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mzee huyu siku atakayoingia peponi atauliza kwanza madirisha yako upande gani.

Tulimwita Wakala. Jina lake alikuwa nalo, na msikitini walimwita kwa hilo, lakini mtaani lilikuwa limeshafutika. Hata mkewe, Bi Mwanaidi, akitaka kumtania, alimwita Wakala. Alikuwa wakala wa gesi ya kupikia, wa kwanza upande wetu wa mji, nyakati ambazo gesi ilikuwa kitu cha hoteli, cha Wazungu wa miradi na cha wakubwa wanaokuja bungeni. Sisi wengine tulikuwa watu wa mkaa. Mwenye uwezo kidogo alikuwa na jiko la mafuta ya taa, na kila alichopika kilinukia taa.

Mimi nililetwa Dodoma na kazi. Nilikuwa mpiga chapa bungeni, na nyumba niliyopanga ilipakana ukuta na ya Wakala. Nilikuwa na mtoto mchanga, Neema. Aliyenipangisha alinionyesha bomba la maji, choo na mti wa mwarobaini, akasahau kunionyesha kilichokuwa nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala. Nilikiona mwenyewe kesho yake nilipokwenda kumsalimu jirani: banda la wavu wa chuma, na ndani yake mitungi imesimama safu kwa safu kama wanafunzi mstarini.

"Shikamoo, mzee," nikasema, mtoto mgongoni. "Hivi vitu... havilipuki?"

"Marahaba, mwanangu. Vinalipuka," akajibu bila kusita. "Ndiyo maana mimi silali vizuri. Wewe lala tu, mimi nipo."

Jibu hilo sikulipenda hata kidogo. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimlaza Neema upande wa pili wa chumba, mbali na ule ukuta, kana kwamba hatua chache zingesaidia kitu.

Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amesema kweli yote katika sentensi hiyo moja. Aliogopa kile alichokiuza. Sijapata kuona mfanyabiashara wa namna ile. Muuza kanga atakuambia kanga zake hazichuji, muuza mbuzi atakuambia mbuzi wake ana mimba. Wakala, ukimwendea kununua mtungi, alianza kwa kukueleza namna unavyoweza kukuua. Kisha alibeba mtungi mwenyewe mpaka jikoni kwako, akafunga mpira, akachovya kitambaa kwenye povu la sabuni na kupaka kila kiungio, akainama akingoja kuona kama povu litapumua. Usipokuwa na dirisha jikoni hakukuuzia. Wako waliotoboa ukuta kwa ajili yake, na wako waliomtukana wakaenda zao.

Siku nyingine alizidisha. Wakati mmoja alimkataza fundi seremala wa jirani kuvuta sigara kwenye kibaraza chake mwenyewe, kwa kuwa upepo ulikuwa ukivuma kuelekea bandani. Fundi akamuuliza kama atazuia na jua lisiwake. Wakala akalifikiria swali lile kwa dhati, akaenda kununua makuti, akalitandazia banda kivuli. Makuti makavu, juu ya gesi. Bi Mwanaidi ndiye aliyemwambia, na tulimcheka mwezi mzima. Naye alicheka, lakini alicheka huku akiyashusha makuti haraka haraka.

Kabla ya gesi alikuwa mtunza ghala wa shirika la umma. Mageuzi yalipokuja, shirika likauzwa, watu wakapunguzwa, na yeye akapewa mafao yake na mkono wa kwaheri. Wenzake wengi walinunua mashine za kusaga, wengine waliongeza wake. Yeye alikwenda kutafuta uwakala wa gesi. Nilipomuuliza kwa nini hakuchagua biashara ya kulala usingizi, aliniambia habari za vilima vya kwao, ng'ambo ya Kolo, huko Kondoa.

"Umefika kule?" aliniuliza. "Udongo umekatika, makorongo unaweza kuficha lori. Miti tuliimaliza wenyewe. Wanawake wanatoka alfajiri kutafuta kuni, wanarudi jua kali. Nikasema, kama kuna kitu kinapika bila kukata mti, mimi nitakiuza, hata kama kinaniogopesha."

Maneno mazuri, ila nyumbani kwake kulipikwa kwa mkaa.

Ndiyo, kwa mkaa. Gunia lilisimama nyuma ya mlango, na Bi Mwanaidi alipuliza jiko lake uani kila siku, macho mekundu, huku hatua chache kutoka hapo imejipanga mitungi ya kulisha nusu ya mji. Wakala hakutaka moto wa gesi chini ya paa alilolala mkewe. "Wateja nawakagua wakati mmoja naondoka," alijitetea. "Huyu ningemkagua kutwa kucha. Ningekufa kwa wasiwasi." Bi Mwanaidi alikuwa akigeuza macho tu na kuendelea kupuliza.

Lakini hofu yake kubwa haikuwa ya mlipuko. Ilikuwa ya meli.

Zamani gesi kidogo ilikuwa ikitoka kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta huko Dar es Salaam. Kisha ikawa yote inaletwa kutoka nje. Wakala alikuwa na rafiki karani wa bandarini, ambaye alimpigia kwenye simu ya duka la jirani kumpa habari: meli imeondoka Uarabuni, meli imekaribia, meli inasubiri zamu ya kushusha. Siku za simu hizo Wakala alipita mtaani akitutangazia kana kwamba kuna mgeni wake yuko njiani. "Ameshapita Mogadishu," alisema, na Mama Tumaini, mama lishe wa kona yetu, akamuuliza, "Nani huyo, shemeji yako?"

Mara moja alifunga duka akapanda basi kwenda kuiona hiyo meli. Bi Mwanaidi alimfungia chapati kama mtu anayekwenda Hija. Aliporudi alikuja kwetu jioni, akafungua dirisha, akakaa.

"Umeiona?" mume wangu akamuuliza.

"Nimeiona."

"Ikoje?"

"Ndogo." Akaonekana kama mtu aliyeonewa. "Mimi nilidhani nitakuta kitu kama mlima. Rafiki yangu ananionyesha, ile pale. Namuuliza, hiyo ndiyo mtoto, mama yake yuko wapi? Ananiambia hakuna mama. Ndiyo hiyo hiyo. Nchi nzima."

"Meli kubwa hazipo?"

"Zipo! Zinakwenda kwa wanaonunua kwa wingi. Japani, China, India. Siku hizi India hata vijijini wanataka kupika kwa gesi, na wao wako wangapi? Kila mwaka dunia inaongeza masufuria. Sisi tunakwanguliwa ukoko." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa nahofia mtungi mmoja mmoja. Sikujua wote tumening'inia kwenye kijimeli kile."

Tangu safari ile hakutulia. Alisikiliza redio kwa namna ya pekee, akiruka siasa na mpira, akitafuta habari za baridi. Huko mbali kukiwa na baridi kali, watu wanawasha gesi zaidi, bei inapanda, na meli zinavutwa kwenda huko. Basi unamsikia ng'ambo ya ukuta: "Jirani! Japani kumeanguka theluji!" Anasema hivyo kwa uso wa mtu aliyepokea taarifa ya msiba, sisi tuko kwenye jua la Dodoma tunaanika mchicha. Nilimcheka. Wote tulimcheka. Lakini mimi nilishakuwa nimenunua jiko la gesi, na baada ya kumcheka nilikwenda jikoni, nikaunyanyua mtungi wangu kidogo kupima uzito.

Mama Tumaini naye alinunua, na hapa lazima nieleze, kwa sababu yaliyofuata yanatoka hapo. Alikuwa akiwapikia wanafunzi na makarani, mimi nikiwa mmoja wao, wali, maharage na mlenda wa kukata maneno. Alipika kwa mkaa maisha yake yote, na alikuwa akikohoa. Wakala ndiye aliyemfuata. Alikwenda kwake mara nyingi, akamhesabia matumizi ya mkaa, akamwonyesha moshi ulivyopaka ukuta, akamwambia, "Mwanangu, huu mkaa ni adui yako, na mapafu nayo ni ukuta." Alimpa jiko kwa kulipa kidogo kidogo. Mama Tumaini akatoboa dirisha. Siku gesi ilipowashwa alipiga vigelegele, akauza majiko yake yote ya mkaa kwa watu wa sokoni. Kikohozi kikapungua. Wakala alifurahi kama aliyeoza binti.

Kisha ukaja ule mwezi wa Juni.

Anayeijua Dodoma anaujua upepo wa Juni. Unavuma mkavu na wa baridi, unachukua vumbi la barabara nzima na kulitupa kwenye chakula chako. Ni wakati wa Bunge la bajeti vilevile, mji umejaa, nyumba za wageni hazina kitanda, na kila hoteli inapika mchana kutwa. Wakala alikuwa akingoja meli. Rafiki wa bandarini alikuwa amesema iko njiani. Mchana mmoja akaitwa dukani kwenye simu. Mimi nilikuwa hapo nanunua sukari. Alisikiliza, akasema "Nini?" mara kadhaa, akarudisha mkono wa simu mahali pake taratibu.

"Imezama?" nikamuuliza, maana sura yake ilikuwa hivyo.

"Imeuzwa."

"Meli?"

"Mzigo. Ukiwa baharini, unakuja kwetu. Mtu kampigia simu mwenye mzigo, kataja bei, meli ikageuza." Aliniangalia kama vile mimi mtumishi wa serikali ningeweza kueleza. "Mimi nilikuwa mtunza ghala. Kitu kikiwa kimeagizwa na kimeshapakiwa, ni cha aliyeagiza. Si ndivyo? Inawezekanaje kitu kiuzwe kikiwa kinatembea?"

Mwenye duka alisema ndiyo soko huria hilo mzee, akachekacheka, akaacha alipoona hakuna anayecheka naye.

Banda likaanza kupukutika. Hoteli zikachukua, nyumba zikachukua, mimi mwenyewe nikachukua mmoja na kushukuru. Ukabaki mtungi mmoja uliojaa, na huo Wakala aliutenga. Ulikuwa wa zahanati ya kijijini kwao, ng'ambo ya Kolo, ambako hapakuwa na umeme, na jokofu la chanjo za watoto lilikuwa likiendeshwa kwa gesi. Gari lililopeleka dawa vijijini lilikuwa likipita kwake kuchukua mtungi. Gari lilichelewa. Zahanati haikuwa na simu. Wakala alikuwa akisimama barabarani akitazama, akirudi, akisimama tena.

Kwanza alikuja dereva wa mkubwa mmoja, suti na miwani, akashusha kioo cha gari.

"Mzee, nimetumwa gesi."

"Imekwisha."

"Na ule pale?"

"Ule una mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Unajua nimetumwa na nani?"

"Najua. Mwambie ule ni wa watoto wa surua. Akitaka, yeye na wao wakaelewane."

Dereva aliondoka akitukana, na sisi majirani tulimpigia Wakala makofi. Kwa siku ile alikuwa shujaa wetu. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Mama Tumaini alikuja kesho yake asubuhi. Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa naanika nguo, na niliyasikia yote.

Mama yake mzazi alikuwa ameletwa kutoka kijijini kwa matibabu. Alikuwa bibi mwembamba, mnyamavu, anayekaa akijikunyata kwenye kitenge. Daktari alisema awekwe penye joto, apewe uji na maji ya moto. Gesi ya Mama Tumaini ilikuwa imekwisha.

"Baba, nipe huo mtungi," alimwambia Wakala. "Hata robo yake. Gari likija utasema umechelewa."

"Mwanangu, siwezi kuugawa. Na likija likakuta hakuna, chanjo zitaoza. Ni watoto wengi."

"Na mama yangu ni mmoja."

Nikasikia hatua za Wakala zikielekea barabarani, zikirudi.

"Baba, nakuomba. Si wewe uliyenitoa kwenye mkaa?"

"Ni mimi."

"Basi?"

Nilishika shuka lililolowa nisijue niliweke wapi. Hatimaye nilimsikia akisema, "Subiri kidogo. Labda leo gari litapita, na lori la Dar nalo litafika. Subiri kidogo, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba, si anayekataa. Mama Tumaini akaondoka. Bi Mwanaidi akamkimbilia na kumpa jiko lake mwenyewe la mkaa na mkaa kwenye karai.

Gari halikupita siku ile, wala lori.

Siku iliyofuata upepo ulikuwa mkali mno. Mama Tumaini aliwasha jiko uani likazimika, akawasha tena, likamwagia cheche kwenye kanga. Akaliingiza ndani, kwenye chumba alichozoea kupikia, ambamo sasa alimlaza mama yake, ili bibi apate joto na maharage yaive kwa pamoja. Akafunga dirisha lile alilolitoboa, kwa sababu ya vumbi. Akaenda sokoni kutafuta nyanya. Aliporudi saa sita mchana maharage yalikuwa yameiva, na bibi alikuwa amelala usingizi ambao hakuamka tena. Hakukuwa na moshi chumbani. Hilo ndilo lililomchanganya kila mtu. Hewa ilionekana safi; sumu ya mkaa haionekani wala hainuki.

Nilikuwa uani kwa Wakala habari ilipoletwa. Mtungi wa zahanati ulikuwa bado bandani. Aliutazama mtungi, akamtazama mkewe, na Bi Mwanaidi akaweka mikono kichwani, maana jiko lilikuwa lake.

Gari lilikuja kesho yake, wakati tunachanga sanda na ubao. Wakala aliwakabidhi mtungi bila kusema neno, akavaa kofia yake, akaja msibani.

Mama Tumaini alikuwa amekaa mkekani katikati ya wanawake. Wakala alisimama mlangoni, hakuingia mpaka alipoitwa. Alijaribu kutoa pole. Mama Tumaini hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Uliniambia mkaa ni adui," alisema. "Nikakuamini. Nikauza majiko yangu yote nikabaki na wewe. Na mkeo siku zote anapika kwa mkaa. Ulikuwa unajua kitu gani ambacho mimi hukuniambia?"

Mtaani tuligawanyika. Wapo waliosema alifanya haki, mtungi mmoja kwa watoto wa vijiji vizima. Wapo waliosema haki gani hiyo, mgonjwa alikuwa mbele ya macho yake na hao watoto alikuwa hawaoni. Nyumbani kwangu mwenyewe tulibishana, mimi na mume wangu, mpaka chakula kikapoa. Yeye Wakala hakujitetea hata mara moja. Ukianza kumtetea mbele yake, ukataja chanjo, aliinua mkono kukuzuia, na ukishikilia, aliondoka.

Baada ya arobaini nilimkuta amevunja ukuta wa jiko lao ili kuweka dirisha. Akaingiza jiko la gesi. Bi Mwanaidi alilia, sijui kwa furaha au kwa nini. Wakala aliweka kigoda mlangoni akawa anakaa pale kila mkewe anapopika, mikono magotini, akiangalia ule moto wa buluu kama mtu anayelinda mfungwa. Alikonda. Kofia ikawa inamshuka masikioni.

Meli ilikuja. Zilikuja nyingine. Polepole zikawa zinakuja kubwa zaidi, makampuni yakaongezeka, wakajenga matangi makubwa huko pwani, na mawakala wengine wakafungua Ipagala. Mama Tumaini alirudi kwenye gesi, ila alinunua kwa hao wengine, na kwenda kwao ilimbidi apite mbele ya banda la Wakala. Alipita miaka kadhaa akitazama mbele. Wakala akimwona anakuja aliingia ndani, ili asimwie kikwazo.

Siku moja huko anakonunua hakukuwa na mzigo. Akaja kwa Wakala, akaweka mtungi mtupu chini, hakuamkia. Wakala alichukua uliojaa, akaubeba mpaka kwake, akaufunga, akapaka povu, akakagua, akafungua dirisha pana. Mama Tumaini alisimama pembeni na kanga yake mdomoni. Hawakusemezana. Baada ya hapo akawa ananunua kwake, na mwishowe akawa anamwamkia, salamu ya kawaida ya mtu na jirani. Zaidi ya hapo sikuwahi kusikia lolote kati yao, na sidhani kama lilikuwepo.

Wakala alizeeka. Biashara ilimshinda kwa sababu ya ule ukaguzi wake. Vijana walikuwa wanafunga mitungi kwenye pikipiki na kukufikishia mlangoni kabla hujakata kitunguu, nani angengoja mzee apake povu? Bi Mwanaidi alipofariki, binti yao alimchukua mzee akaishi naye Mlali, kwenye shamba la karanga na alizeti.

Mara ya mwisho kumwona nilikwenda kumpelekea habari. Mama Tumaini alikuwa amefariki, kwa maradhi yake, kitandani kwake, watoto wamemzunguka. Nilistaafu zamani, Neema ana watoto wake, na nikaona si habari ya kumwambia mzee kwenye simu. Nilimkuta amekaa nje kwenye kiti cha kamba, macho yamefifia lakini masikio mazima. Binti yake alikuwa ndani anakaanga.

"Shikamoo, Wakala."

"Marahaba. Nani? Jirani!" Akanishika mkono kwa mikono miwili.

Nilimwambia. Alisema inna lillahi. Tukasikia mafuta yanavyolia jikoni. Kisha akauliza, "Kabla hajaenda, alisema lolote juu yangu?"

Ningeweza kumpa neno la kumfurahisha. Lakini alikuwa ananisikiliza kwa makini mno.

"Hapana, mzee. Sikusikia."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alichotarajia. Kisha akaniambia jambo.

"Ule mtungi haukutumika," alisema.

"Upi?"

"Ule. Nesi wa zahanati aliniambia mwenyewe, alipokuja mjini wakati mwingine. Jokofu lao lilikuwa limeshaharibika. Chanjo walikuwa wamezihamishia Kondoa mjini, kwenye umeme, kabla hata Mama Tumaini hajaja kuniomba. Zilikuwa salama. Mtungi ulipofika waliuweka stoo. Walikosa tu namna ya kunijulisha."

Nikasogeza kigoda changu karibu naye.

"Ulijua lini?"

"Mwaka uleule. Kabla sijaweka lile dirisha letu la jikoni."

"Na hukumwambia mtu? Hata Bi Mwanaidi?"

"Jiko lilikuwa lake. Ningemwambiaje?" Alipangusa macho kwa ncha ya kofia. "Na Mama Tumaini... Nilikuwa nakwenda mpaka mlangoni kwake, kisha narudi. Nilipombebea ule mtungi aliporudi kununua kwangu, nilitaka kusema. Nikafikiri, nikisema, mimi nitapumua, na yeye atafiwa upya. Angalau alikuwa na hao watoto. Alinichukia, lakini alijua mama yake alikwenda kwa ajili ya kitu. Nikamwachia."

Binti yake alichungulia, akasema chakula kiko tayari. Wakala alimwambia tunakuja, lakini hakuinuka.

"Na sasa, mzee? Umenena. Si afadhali kidogo?"

"Nilidhani akitangulia yeye nitapumzika," alisema. "Kumbe nilikuwa namfichia yeye. Ilikuwa kazi, kila siku naiamkia. Sasa namfichia nani?"

Tulikula. Alikula kidogo. Alisisitiza kunisindikiza mpaka barabarani, akishika mkono wangu, miguu ikiburura vumbi. Basi la Dodoma lilipotokea nililipungia, likasimama, kondakta akaniita nipande. Wakala hakuniachia mkono. Alikuwa ananielekea na macho yake yaliyofifia, anangoja, nami nilijua anangoja niseme alifanya sawa. Kondakta aliita tena. Nilisema, "Sijui, Wakala," kwa sababu sikujua, na sijui mpaka leo. Akaitikia kwa kichwa polepole, akasema, "Ndiyo. Hata mimi," akaniachia.